Kisu cha Kahura

Huenda picha hii umeshaiona kwenye simu yako. Mwanamke amelala juu ya kitanda kilichoinama, amefungwa kwa vitambaa vipana kifuani na mapajani, na wanaume wamemzunguka. Maelezo yake huwa mafupi: Uganda, 1879, waganga wa Kiafrika wanamzalisha mwanamke kwa kisu, mama na mtoto wanapona. Watumaji huongeza chumvi yao. Mmoja atasema Ulaya wakati huo haikujua kabisa upasuaji wa uzazi. Mwingine atasema kila kijiji cha Maziwa Makuu kilikuwa na mpasuaji wake. Wa tatu atacheka na kusema hiyo ni hadithi ya msafiri aliyetaka kusikilizwa. Mimi ni mtu wa kudai risiti. Picha hii ilichorwa wapi, na nani aliyesema aliyaona hayo?

Nilianza kurudi nyuma, rejea baada ya rejea. Kitabu kipya kinategemea cha zamani kidogo, hicho kinategemea makala, na makala inategemea makala nyingine. Wengi wamenakiliana tu. Njia zote zinaishia mlango mmoja: jarida la madaktari la Edinburgh, Scotland, toleo la Aprili 1884, katika makala inayohusu uzazi Afrika ya Kati. Januari mwaka huohuo makala hiyo ilikuwa imesomwa mbele ya chama cha madaktari wa uzazi wa mji huo. Ni kurasa chache, na mchoro umo humo, pamoja na jina la mahali upasuaji ulipofanyika: Kahura. Watu wote wanaobishana leo, wanaosifu na wanaobeza, wanamtegemea shahidi mmoja. Huyo shahidi ni nani?

Anaitwa Robert Felkin. Alizaliwa Uingereza mwaka 1853. Alikuwa akisomea udaktari Edinburgh alipojiunga na msafara wa wamisionari uliopanda mto Nile kwenda kwa Kabaka Mutesa I, mfalme wa Buganda. Walipita Khartoum, wakapita Lado kwa Emin Pasha, gavana wa serikali ya Misri, wakafika Rubaga, makao ya Kabaka, Februari 1879. Baada ya miezi michache alikuwa njiani tena, akirudi kaskazini. Leseni ya udaktari aliipata mwaka 1884, mwaka uleule wa makala. Kwa hiyo aliyeingia katika nyumba ile ya Kahura alikuwa kijana wa miaka 25 au 26 ambaye masomo yake yalikuwa hayajaisha, na aliyoyaona aliyachapisha miaka mitano baadaye. Ushahidi wa mwanafunzi, uliokaa miaka mitano kabla ya kutoka, una uzito gani?

Nikachimba zaidi, nikakuta jambo lililonifanya nitake kulifunga faili. Miaka ya 1890 mtu huyuhuyu aliingia katika chama cha siri cha mambo ya uganga na nguvu zisizoonekana. Alipanda ngazi, akawa kiongozi, akahamia New Zealand, akafia huko mwaka 1926. Hivi ndivyo wabishi wengi humalizia mjadala: shahidi aliamini mizimu, basi hakuna kesi. Lakini hesabu ya miaka haikubali. Makala ni ya 1884, chama kikaja baadaye. Na aliyoyaandika kuhusu Kahura hayana mizimu. Yana pini, vidole na joto la mwili. Tunampima mtu kwa alichokuja kuamini baadaye, au tunayapima maneno yenyewe?

Basi tuingie ndani ya nyumba ile. Mwanamke ana miaka kama 20, mwili wake mzima, na huu ni uzazi wake wa kwanza. Amenyweshwa pombe ya ndizi hadi amelegea. Kitambaa cha mbugu, yaani gome la mti lililopondwa, kimemkaza kifua kitandani. Kingine kimemkaza mapaja. Mwanaume mmoja amemshika vifundo vya miguu, mwingine upande wa kulia anatuliza tumbo. Mpasuaji amesimama kushoto, kisu kimeinuliwa, ananuiza maneno chini kwa chini. Halafu anafanya jambo ambalo msomaji wa leo hulisoma mara mbili: ananawa mikono kwa pombe ya ndizi na kisha maji, na tumbo la mgonjwa analiosha vivyo hivyo. Anapiga ukelele. Watu walio nje wanaupokea. Ukelele huo ulikuwa wa ibada, au ulikuwa wa kuwaambia wasaidizi kwamba kazi imeanza?

Kisu kinapita haraka katikati ya tumbo, kuanzia juu kidogo ya kinena hadi chini ya kitovu. Maji ya uzazi yanamwagika. Msaidizi anagusa sehemu zinazovuja damu kwa chuma cha moto. Mfuko wa uzazi unafunguliwa, mtoto anatolewa, kitovu chake kinakatwa. Mpasuaji anakiacha kisu, anaukamata mfuko wa uzazi kwa mikono miwili na kuuminya. Anaingiza mkono ndani, na kwa vidole anautanua mlango wa kizazi kutoka ndani kwenda nje. Anatoa mabonge ya damu na kondo la nyuma. Utumbo unataka kutoka. Msaidizi anajaribu kuuzuia, na shahidi anasema wazi kwamba hakufanikiwa sana. Chuma cha moto kinarudi, kwa kubania. Mpasuaji haachii mfuko wa uzazi mpaka umenywea ukawa mgumu. Haushoni hata kwa uzi mmoja. Mtu anaachaje kidonda kama kile wazi ndani ya tumbo, na anategemea nini?

Jeraha linafunikwa kwa mkeka wa nyasi wenye matundu. Vitambaa vinakatwa, mama anageuzwa taratibu hadi ukingoni mwa kitanda, mikononi mwa wasaidizi, ili majimaji yaliyobaki tumboni yachuruzike sakafuni. Analazwa tena chali. Kingo za jeraha zinakutanishwa kwa pini saba nyembamba za chuma, zimeng'arishwa vizuri, na kufungwa kwa nyuzi za mbugu. Mizizi ya aina mbili inatafunwa, inatemwa kwenye bakuli, na rojo lake linapakwa nene juu ya jeraha. Linafuata jani la mgomba lililopashwa moto, kisha bendeji ya mbugu iliyokazwa. Mpaka pini zilipoanza kuingia, mwanamke hakuwa ametoa sauti. Ni pombe peke yake iliyomnyamazisha, au kuna kitu ambacho mgeni hakuonyeshwa?

Shahidi hakuondoka siku hiyo. Alikaa. Anasema mtoto aliwekwa titini baada ya saa mbili, lakini maziwa yalikuwa haba kwa siku 10, hivyo rafiki wa mama ndiye aliyekuwa akimnyonyesha zaidi. Usiku wa pili joto la mama lilifika nyuzi 38.3 za Selsiasi na mapigo ya moyo 108 kwa dakika. Siku nyingine, kwa kadiri alivyojua, halikuzidi 37.6. Siku ya tatu pini moja ikatolewa. Siku ya tano zikatoka tatu. Siku ya sita zikaisha. Kila walipolisafisha jeraha waliondoa usaha kidogo na kupaka rojo jipya. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limefunga, naye akashika njia. Ila kuna neno dogo alilolitaja mapema, ambalo picha za mitandaoni hazilibebi: hakuruhusiwa kumpima mwanamke yule, na aliingia ndani kisu kikiwa tayari kuanza kazi. Kama ni hivyo, alijuaje kwa nini anapasuliwa?

Swali hilo niliweka kiporo. Nilitaka kwanza kujua kama maelezo yanasimama. Nikampigia daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi jijini Dar es Salaam, mama aliyeshinda leba nusu ya maisha yake. Nilimsomea hatua moja moja, nikiruka pombe na mbugu, bila kumwambia ni za mwaka gani wala wapi. Nilipofika kwenye kuminya akanikatiza.

“Huyu si wa mara ya kwanza,” alisema. “Kaka, mfuko wa uzazi usiponywea, mama anaisha mikononi mwako. Ukinywea, unaibana mishipa wenyewe. Sisi tunatoa oksitosini na bado tunaukanda.”

“Na kutanua mlango wa kizazi kwa ndani?”

“Damu ya uzazi ipate pa kutokea. Mlango ukiwa umefunga, inabaki ndani inaoza. Mtu anayekata kwa kubahatisha hawezi kukumbuka hilo. Kumgeuza mama ili tumbo limwagike, hilo nalo ni la mtu aliyeshaona wengine wakifa kwa kutogeuzwa.” Akanyamaza kidogo. “Lakini kutoshona ndiko kunakonitia wasiwasi. Huyo mama alizaa tena?”

Nilimwambia ni Uganda, 1879. Alicheka kwanza, kisha akaniomba nimtumie kurasa zote. Mimi sikuwa tayari kucheka. Mambo yaleyale yaliyomvutia yeye yangeweza kumvutia mwandishi mwenyewe. Mwanafunzi wa Edinburgh angejua umuhimu wa mfuko wa uzazi kunywea, na angejua madaktari waliokaa mbele yake wanataka kusikia nini. Je, aliona ustadi, au aliutunga kutoka kwenye daftari lake la masomo?

Hapa lazima tuutazame mwaka 1884 wenyewe. Upasuaji wa uzazi Ulaya ulikuwepo tangu zamani. Aliyesema haukujulikana amekosea. Tatizo lilikuwa kaburi. Kufikia 1865, Uingereza na Ireland, karibu wanawake 85 kati ya 100 waliopasuliwa walikufa. Mwaka 1876 Eduardo Porro wa Pavia, Italia, alimwokoa mgonjwa wake kwa kuukata na kuuondoa mfuko wa uzazi baada ya kumtoa mtoto. Mwaka 1882 Max Sänger wa Leipzig akaandika kwamba mfuko ubaki, ila ushonwe. Kwa hiyo makala ya Kahura ilisomwa katikati ya ubishi: kuondoa, kushona au kuacha? Mwongo mwenye akili angechagua mojawapo ya njia zilizokuwa na heshima mwaka huo. Yeye akaleta mfuko wa uzazi usioshonwa na mama aliyepona, jambo ambalo wasikilizaji wake walikuwa wameanza kuliona la hatari. Kwa nini mtu atunge uongo usioendana na soko?

Halafu kuna mtoto. Shahidi anasema kisu kilimkwaruza mtoto bega la kulia, kidonda kidogo, kikapakwa rojo lilelile na kupona siku ya nne. Anasema utumbo ulitoka. Anasema maziwa yalikuwa haba. Sifa za kubuni hazibebi kasoro za namna hiyo. Kipimajoto nacho nilikitilia shaka, nikaona hakina ajabu: kile kifupi cha hospitali, cha kuingia mfukoni, kilikuwa kimeshabuniwa Uingereza tangu miaka ya 1860. Mizani yangu ikaanza kuinamia upande wake. Ila mtu anaweza kusema kweli yote na bado akaona alichofundishwa kuona. Je, kunawa kwa pombe kulikuwa usafi, au macho yake ndiyo yaliyokuwa yakitafuta usafi?

Pombe ya ndizi, hebu tuseme ukweli, si spiriti. Kileo cha kuua vijidudu kinahitaji kuwa zaidi ya nusu ya ujazo. Pombe ya kienyeji iliyochachuka haikaribii hapo. Wanaoandika kwamba wapasuaji wa Kahura waligundua dawa ya vijidudu wanaipa pombe kazi isiyoiweza. Lakini wanaoidharau nao wanasahau tarehe. Joseph Lister, aliyehimiza kuua vijidudu kwenye vidonda, alifundisha upasuaji Edinburgh hadi 1877, na hata hapo wapasuaji wengi walikuwa bado wanabisha. Mikono iliyooshwa kwa pombe hafifu na maji ni mikono iliyooshwa. Mwaka 1879, ni wanawake wangapi wa London au Paris waliopasuliwa na mtu aliyenawa kwanza?

Mizani nayo inataka ukaguzi. Katika historia za uzazi zinazosomwa Ulaya yumo Jacob Nufer, mhasi wa nguruwe wa Uswisi, anayesemwa alimpasua mkewe karibu mwaka 1500. Mke akapona na kuzaa tena. Habari hiyo iliandikwa mwishoni mwa karne ya 16, miongo kadhaa baadaye, na aliyeiandika hakuwepo. Watafiti makini wanaitilia shaka, lakini vitabu vimeendelea kuitaja. Kahura ina shahidi wa macho, joto la mwili na tarehe za kutoa pini, ikachelewa miaka mitano tu. Kama ya Nufer inakaribishwa sebuleni, ya Kahura inaachwaje mlangoni?

Hata wa kwanza barani si yule anayetajwa kwenye simu. Julai 1826 huko Cape Town, daktari wa jeshi James Barry alimpasua mwanamke wa ukoo wa Munnik. Mama akaishi, na mtoto akapewa jina la daktari. Barry alihitimu Edinburgh mwaka 1812. Alipofariki 1865 aliyemwosha alieleza kwamba mwili ulikuwa wa kike, na utafiti wa baadaye ukafuata nyayo hadi kwa binti wa Cork, Ireland, aliyeitwa Margaret Bulkley. Mji huohuo wa Edinburgh haukuwapa wanawake shahada za udaktari za chuo kikuu chake hadi miaka ya 1890. Kwa hiyo waliosikiliza habari za Kahura walikuwa wanaume, wakisomewa na mwanaume, kuhusu wapasuaji ambao, kwa maneno ya shahidi, walikuwa wanaume pia. Wanawake wa nyumba ile walikuwa wapi?

Karatasi haikuweza kunijibu hilo, hivyo nikaenda Uganda kuitafuta Kahura. Shida ikaanza kwenye ramani. Shahidi anaandika Uganda, jina ambalo wageni wa wakati ule walilitumia kwa ufalme wa Kabaka. Lakini makala ya mwaka 1959, katika jarida la historia ya tiba, iliiweka habari hiyo Bunyoro-Kitara, ufalme wa Omukama Kabalega, na tangu hapo wengi wamefuata. Wafalme wale wawili hawakupikika chungu kimoja. Mgeni wa Mutesa angekaaje siku 11 kijijini kwa mpinzani wake?

Jibu moja liko mtoni. Njia ya msafara kutoka kaskazini ilipita Foweira na Mruli, vituo vya askari wa serikali ya Misri kwenye Nile, ndani ya eneo ambalo Bunyoro iliona ni lake. Mtu aweza kupita Bunyoro bila kubisha hodi kwa Omukama. Mruli ni pale mto Kafu unapokutana na Nile. Nilipofika nilikuta nyasi, wavuvi na ng'ombe. Kwenye ofisi ya tarafa karani aliniletea orodha ya vijiji. Tulisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kahura hakuna. Kuna majina yanayofanana kidogo, na kila moja lina mzee wa kuapa kwamba ndilo. Jina lililoandikwa na sikio la Mwingereza mwaka 1879 linaweza kuwa kijiji, kilima, au mtu mwenye boma lake. Utapigaje kigingi kwenye ramani kwa neno moja?

Niliacha jina nikafuata chuma. Pini saba zilizong'arishwa hazitoki hewani. Zinataka mhunzi mzuri. Bunyoro ilisifika kwa chuma, na majembe yake yaliuzwa mbali pamoja na chumvi ya Kibiro. Mbugu nayo ni sanaa ya Buganda kwanza, ingawa ilivaliwa pande zote. Ndizi za pombe zilistawi zaidi upande wa Buganda. Vifaa vya chumba kile vinaelekeza pande mbili kwa pamoja, labda kwa sababu biashara haikuheshimu mipaka tunayoichora sisi. Kwa hiyo swali la nani wa kusifiwa, Mganda au Mnyoro, ambalo mitandaoni huzua matusi, kwa ushahidi huu halina hakimu. Lakini kama ustadi ulikuwepo, ulikwenda wapi?

Vitabu vya hospitali havisaidii. Hospitali ya Mengo ilianza 1897, karibu miaka 20 baadaye. Katikati yake kuna moto. Miaka ya 1890 Bunyoro ilipigwa vita vya miaka mingi. Mashamba yakachomwa, watu wakakimbia, Kabalega akakamatwa 1899 na kupelekwa Ushelisheli. Ukafuata ugonjwa wa malale, ulioua watu wapatao robo milioni kandokando ya Ziwa Viktoria katika miongo miwili ya mwanzo ya karne ya 20. Kazi inayofundishwa kwa kushika na kutazama hukatika watu wanapokatika. Maelezo hayo yananiridhisha, na ndiyo maana nayaogopa: ukosefu wa ushahidi huelezeka kirahisi mno kwa vita. Je, kazi ilikufa vitani, au haikuwahi kuwa ya watu wengi tangu mwanzo?

Shahidi mwenyewe anatoa kidokezo, ila wanaosambaza picha hukiruka. Anasema upasuaji ule hufanikiwa mara nyingine, na kwamba yeye aliona tukio moja. Mara nyingine. Maana yake, wapo waliokufa, na hakuna aliyewahesabu. Habari za namna hiyo zimetajwa Rwanda pia, zikiwa na dawa za mimea za kutuliza maumivu na kuponya, na zinaongeza uzito kwamba hakikuwa kituko cha siku moja. Hazitupi idadi. Kati ya waliolazwa kwenye vitanda kama kile, ni mmoja kati ya wangapi aliyeamka?

Masindi, humohumo Bunyoro, nilielekezwa kwa mkunga mstaafu, mama aliyejifunza Kiswahili kambini kwa sababu mumewe alikuwa mwanajeshi. Kabla ya lolote aliniuliza mpaako wangu, lile jina la heshima ambalo Wanyoro huitana kwalo. Sikuwa nao. Akanipa: Amooti. Nikamsomea makala yote, safari hii bila kuruka kitu. Alisikiliza huku akichambua maharage kwenye ungo, na nilipomaliza akaendelea kuchambua.

“Amooti, huyo mzungu wako aliangalia kisu tu,” alisema.

“Alikuwa akisomea udaktari, mama.”

“Sawa. Uchungu ulianza lini? Maji yalitoka lini? Nani alimwita huyo wa kupasua? Mume alikubali, ama mama mkwe? Kondo la nyuma lilizikwa na nani?”

Nikapekua kurasa. Kondo la nyuma linatajwa likitolewa kupitia jeraha, basi. Uchungu wa saa ngapi, hakuna. Nani aliamua, hakuna. Mtu aliyezuiwa mlangoni mpaka kisu kiinuliwe hakuwa na pa kuyapata hayo, na pengine hakuona kuwa ni maswali. “Sasa utajua vipi kama ilikuwa lazima kumpasua?” akauliza yeye.

Swali hilo ndilo lilikuwa limenisubiri tangu mwanzo. Kwa uzazi wa kwanza wa mwanamke wa miaka 20, dhana ya karibu ni mtoto kukwama: nyonga haimpishi, uchungu unapita siku ya pili. Dhana hiyo ina nguvu. Lakini mama aliyechoshwa na uchungu wa siku mbili huonekana, naye anaelezwa kuwa mwenye afya nzuri. Ama waliwahi mapema, jambo ambalo lingekuwa ustadi wa juu kuliko kisu chenyewe, ama kulikuwa na sababu ambayo haikuhusu nyonga. Mkunga wa Masindi alilikataa la pili kwa kutikisa kichwa. Daktari wa Dar es Salaam hakulikataa. Wewe msomaji ungemfuata nani?

Na hapo ndipo tunakuja kwenye siku ya 11. Kwa kipimo cha zamani cha madaktari, homa ya uzazi huhesabiwa mama akifika nyuzi 38 katika siku mbili kati ya 10 za kwanza, bila kuhesabu saa 24 za mwanzo. Mwanamke wa Kahura alifika huko usiku mmoja tu. Kwa kipimo hicho alipita, na wengi waliozalia hospitali kubwa za Ulaya mwaka ule wangemwonea wivu. Lakini leo kifo cha mzazi huhesabiwa hadi siku ya 42 baada ya mimba kumalizika. Shahidi wetu aliondoka zikiwa zimebaki siku 31. Neno “alipona” lililoandikwa chini ya ile picha linasimama juu ya robo ya muda. Nani alimtazama siku ya 12?

Hata siku ya 42 isingemtosha daktari wa Dar es Salaam. Mfuko wa uzazi ulioachwa bila kushonwa hufunga kwa kovu, na kovu hilo hupimwa na mimba inayofuata. Likiwa dhaifu, hupasuka katikati ya uchungu. Ndiyo maana katika kliniki za wajawazito mwanamke mwenye mshono huulizwa kabla hajakaa vizuri: ulipasuliwa lini, wapi, kwa sababu gani, mtoto yuko wapi? Kwa Kahura tunalo jibu la wapi, kwa jina lisilo kwenye ramani, na mwaka. Sababu hatuna. Je, alibeba mimba nyingine?

Kwa mtoto kuna nafuu ndogo, kwa sababu yeye aliachiwa alama. Kovu, bega la kulia. Kama aliishi, alikuwa na miaka kama 20 Kabalega alipokamatwa, na kama 44 mzee huyo alipofia Jinja mwaka 1923 akirudishwa kutoka uhamishoni. Kufikia hapo zahanati, misheni na makarani walikuwa wametapakaa Bunyoro nzima, wakivua watu nguo kwa chanjo, kwa malale, kwa kazi. Nimeanza kuomba ruhusa ya kusoma madaftari ya wakati huo, yale yenye safu ya alama za mwilini. Mkunga wa Masindi anasema napoteza nauli, na kwamba ningeanzia kwa wajukuu wa yule rafiki aliyemnyonyesha mtoto siku 10, kwa sababu mtu aliyenyonyesha mtoto wa mwenzake husimulia. Nilimuuliza ningewapataje bila jina la mtu wala la kijiji. Akasogeza ungo pembeni na kuniuliza: “Huko Mruli, ulizungumza na mwanamke hata mmoja?”